Kadi Nilizopewa Bure

Swali: Ndugu Mhariri, mimi ni mkusanyaji wa kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, hapa Jinja. Mwenzangu wa Kampala alinitumia kadi 30 nilizokuwa nikizikosa, akakataa malipo. Je, nimrudishie za thamani ileile?

Jibu: Ndugu msomaji, tenganisha mabadilishano na zawadi, kwa kuwa katika mabadilishano kila mmoja hutaja anachotoa na hali yake, hasa pembe zilizochakaa au picha isiyokaa katikati, ilhali mwenzako hakudai lolote. Bei haitakuongoza: kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa Marekani, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952 iliuzwa kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, lakini zile za mwishoni mwa miaka ya 1980 zilichapishwa kwa wingi mno, hata mwenye nazo hufurahi kupunguza sanduku (huenda ndivyo ilivyokuwa kwake, wala si aibu). Muulize anakusanya timu gani, kisha umtafutie moja au mbili anazozikosa. Zikikuzidi, wagawie vijana wa Lugazi, mji uliotoa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League, yaani besiboli ya watoto, mwaka 2012. Fedha usimpelekee kabisa, alishakataa.