Kutoka na Kurudi Uwanjani: Kwa Mchezaji wa Softiboli Anayeingia Katika Malezi

Dada unayeanza softiboli, au uliyeizoea na sasa umetambua kuwa una mimba, ninakuandikia nikiwa mdakaji, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira, niliyecheza ligi ya wanawake jijini Nairobi kwa miaka tisa, mama wa watoto wawili, na mwajiriwa wa ofisi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Katika timu nilizochezea sijaona mchezaji aliyeishi kwa softiboli. Nauli ya matatu, glavu na njumu tulijinunulia wenyewe, na mazoezi tuliyapachika jioni baada ya kazi. Kwa hiyo mtoto anapozaliwa, mchezo ndio wa kwanza kukatwa, na wengi wa niliowaanza nao waliachia hapo. Miili yao haikushindwa. Kilichokosekana ni watu wa kukaa nao mapema wakapanga Jumamosi zitakwendaje.

Mimba ya kwanza niliificha timu hadi mwezi wa nne, nikiogopa kupoteza nafasi yangu, na katika yote niliyoyafanya uwanjani hilo ndilo ninalolijutia zaidi. Mpira wetu, licha ya jina lake, si laini hata kidogo: mzingo wake ni kama sentimita 30, na mrushaji huutupa kutoka umbali wa takriban mita 13 tu, kwa mkono unaozunguka kutoka chini, kwa kasi ambayo haimwachii mtu nafasi ya kufikiri. Mdakaji hukaa mbele ya mpira huo, na mara kwa mara mkimbiaji humjia mbio akiitafuta besi ya nyumbani, kituo cha mwisho anachofikia ili apate alama. Katika wiki za mwanzo tumbo la uzazi bado limehifadhiwa na mifupa ya nyonga, lakini baada ya takriban wiki ya 12 huanza kupanda juu yake, na kinga hiyo haipo tena. Mkunga aliyenieleza hayo alinitazama kimya kwa muda nilipomwambia kwamba Jumapili iliyopita nilikuwa nimedaka mchezo mzima. Basi mwambie kocha mapema, tena mwambie faraghani kabla habari hazijamfikia kupitia kwa wengine, na mkubaliane utafanya nini badala ya kucheza: kuandika matokeo, kuwanoa warushaji chipukizi, au kusimama nje ya mstari ukimwelekeza mkimbiaji wa besi. Anayebaki na kazi katika timu hurudi kwa urahisi kuliko aliyeaga.

Kuhusu kurudi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapodanganyana sana. Nilipojifungua mara ya kwanza nilirudi mazoezini katika wiki ya saba, nikiwa nimehesabu kwamba ile ziara ya kliniki ya wiki ya sita ndiyo ruhusa. Muuguzi alikuwa amenikagua mshono na shinikizo la damu, akaniambia ninaendelea vizuri, nami nikalichukua neno hilo kama tiketi ya kukimbia. Siku hiyo nilipiga mpira, nikatimua mbio kuelekea besi ya kwanza, na kabla sijafika nusu ya zile mita 18 nilihisi mkojo ukinitoka. Nilifunga sweta kiunoni, nikasema nimevuta msuli, nikakaa benchi. Nilinyamaza kwa miezi mitano. Nilikuja kugundua baadaye kwamba wenzangu wawili katika timu hiyohiyo walikuwa na shida ileile, nao wamefunga sweta zao, nao wamenyamaza.

Ninalolijua leo ni kwamba kutokwa na mkojo unapokimbia au kuruka ni jambo linalowapata wanawake wengi baada ya kujifungua, na kwamba lina tiba. Misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayozuia haja, hunyooshwa sana wakati wa mimba na uzazi, na inahitaji kufundishwa upya kama ambavyo ungelifundisha goti lililoumia. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2019 na wataalamu wa fiziotherapia kuhusu wanawake kurudi kukimbia unashauri kusubiri angalau miezi 3 baada ya kujifungua, na hata hapo mtu akimbie tu ikiwa hana dalili kama vile kuvuja mkojo, uzito sehemu za siri, au maumivu ya nyonga. Aliyejifungua kwa upasuaji ana kidonda cha tabaka kadhaa za mwili, ingawa kwa nje anaona mstari mmoja. Katika mji wako huenda mtaalamu wa fiziotherapia anayejua mambo ya wanawake hapatikani kila hospitali. Uliza katika hospitali kubwa, na ukimpata, mweleze kinaganaga kwamba unacheza nafasi gani. Mdakaji huchuchumaa na kuinuka huenda zaidi ya mara mia moja katika mchezo mmoja, na mtaalamu asiyejua hilo atakuandalia mazoezi ya mtu anayepanga kutembea hadi sokoni.

Kwa mtoto wa pili nilifanya tofauti. Wiki za kwanza nilitembea tu na kufanya mazoezi ya kubana na kulegeza misuli ya nyonga nikinyonyesha, kisha nikaanza kurusha mpira nikiwa nimesimama, kisha kupiga bila kukimbia, na nilipofika mwezi wa nne ndipo nilipokimbia besi. Msimu huo mzima sikudaka. Nilimwomba kocha anipe besi ya kwanza, ambako mtu hujinyoosha lakini hachuchumai mchezo mzima, na ambako mikono ya mdakaji ina manufaa. Kiburi kilinichoma, sikatai, hasa nilipomwona binti wa miaka 19 akivaa kinga zangu za miguu. Jambo moja ambalo hakuna aliyekuwa amenionya ni kifundo cha mkono: kumwinua mtoto mara kwa mara huwaletea akina mama wengi maumivu upande wa kidole gumba, na mkono ulioniuma ulikuwa uleule wa glavu. Jifunze kumwinua mtoto kwa kuweka viganja chini ya makalio yake badala ya kumnyanyua kwa makwapa huku vidole gumba vimetanuka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wachezaji wengi, na hata baadhi ya makocha, hawalitumii ingawa limeandikwa katika sheria. Katika soka mchezaji aliyetolewa kwa kawaida ametoka moja kwa moja. Katika softiboli mchezaji aliyeanza mchezo anaweza kutolewa na kurudi mara moja, mradi arudi katika nafasi yake ileile ya zamu ya kupiga. Mchezo kamili una awamu saba, na katika kila awamu timu zote mbili hupata zamu ya kupiga. Kwa mama anayenyonyesha, sheria hii ni kama imeandikwa kwa ajili yake: unaanza, unatoka katika awamu ya tatu kwa mfano, unamnyonyesha mtoto kwa utulivu, na unarudi awamu ya tano kumaliza. Masharti yake ni kwamba uwe kwenye kikosi kinachoanza na kwamba atakayekushikia nafasi ajue mapema. Usimwendee kocha katikati ya mchezo mtoto akilia, mwendee Alhamisi, ukiwa umeshaongea na yule mwenzako, na umwambie kwa adabu, "Kocha, naomba nianze, kisha fulani anishikie kwa awamu mbili." Kocha wangu wa zamani, ambaye sitamtaja, aliwahi kuigawa nafasi yangu bila kuniambia kwa kudhani mzazi hawezi kujitoa, huyu wa sasa, nilipomwonyesha mpango kwenye karatasi, aliuliza swali moja tu, kwamba je, nikichelewa kurudi tumfanyeje. Swali zuri, nalo lilikuwa na jibu.

Nyonyesha kabla ya kupasha mwili, kwa sababu kukimbia na matiti yaliyojaa ni adhabu. Mazoezi ya kiasi hayapunguzi maziwa, wala hayayaharibu, hata kama shangazi atakuambia yamechacha kwa jasho. Sidiria ya michezo iwe ya kushika bila kukaba, na uivue mara mchezo unapokwisha, kwa kuwa ikibana kwa saa nyingi maziwa hukwama na titi huweza kuvimba na kukuletea homa. Maziwa uliyoyakamua yanakaa kwa muda usiozidi saa nne mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku nne kwenye friji. Ukisafiri kwenda kucheza Mombasa, ambako joto hupita hapo, beba kiboksi chenye barafu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea, nami nilikitumia ofisini, lakini uwanjani hatuna chumba, tuna leso na gari la mchezaji mwenzetu.

Nani amshike mtoto? Hili ndilo lililonisumbua kuliko misuli. Mume wangu alikuwa tayari, lakini nilikosea kudhani kuwa utayari wake ni ratiba. Siku moja alikuwa na mazishi kwao, dada wa kazi alikuwa na mapumziko yake, na nilifika uwanjani na mtoto wa miezi saba mgongoni nikitarajia kwamba mtu atajitokeza. Alijitokeza mchezaji wa akiba, akakaa naye kwenye nyasi karibu na mstari wa besi ya tatu, na mpira uliopotoka gongoni ukapita kando yao kwa hatua mbili. Tangu siku hiyo mtoto hukaa nyuma ya wavu wa chuma tu, na atakayemshika ni mtu mzima asiyetarajiwa kuingia mchezoni. Mwanzoni mwa kila msimu huketi na mume wangu na mama mkwe tukiwa na kalenda ya mechi, na kila Jumamosi huandikwa jina. Nilimwogopa mama mkwe bure. Nilikuwa nimetarajia aniambie mzazi hachezi na mipira. Aliniambia atamchukua mtoto Jumamosi, ila Jumapili kuna kanisa.

Utasikia pia majina ya wenzetu wa mbali yakitajwa kukutia moyo. Jennie Finch wa Marekani alijifungua mwaka 2006 na mwaka 2008 akapata medali ya fedha huko Beijing. Danielle Lawrie wa Kanada alicheza Beijing, akapata mabinti wawili, akaacha mchezo, kisha akarudi na kushinda shaba katika Olimpiki ya Tokyo. Nawaheshimu, na nafurahi kwamba softiboli itarejea katika Olimpiki ya mwaka 2028. Ila unapojipima nao kumbuka kwamba walikuwa na madaktari wa timu na makocha wa mazoezi ya mwili, nawe una Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni, ukiwa umeamshwa na mtoto mara tatu usiku. Wiki ambayo umelala vibaya mno, punguza mazoezi bila kuomba radhi. Na huzuni ikikushika kwa zaidi ya wiki mbili, ukawa huoni raha hata kwa mpira wala kwa mtoto, hilo si uchovu wa mazoezi. Nenda hospitali, na mwambie mtu mmoja katika timu.

Msimu huu nimerudi nyuma ya besi ya nyumbani. Yule binti aliyevaa kinga zangu tunagawana michezo: mimi hudaka awamu nne za kwanza, yeye tatu za mwisho, kwa kuwa magoti yangu huanza kulalamika saa hizo. Mwezi uliopita alinivuta pembeni ya gari, akaniuliza kama nilimwambia kocha kwa simu au ana kwa ana.

Nikamwambia ana kwa ana, na nikamsindikiza.