Silabasi ilikuwa na kurasa 11, nikasoma mbili

Siku ya kwanza ya shahada ya uzamili ya saikolojia, mhadhiri aliingia na bunda la karatasi, akatugawia kila mmoja nakala yake ya silabasi, akasema tukaisome kama mtu anavyosoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Kurasa 11. Mimi nikatafuta tarehe za kuwasilisha kazi na mgawanyo wa alama, nikazizungushia kalamu, nyingine nikazikunja zikaingia kwenye begi. Shahada ya kwanza nilikuwa nimefaulu vizuri. Nani angenifundisha kukaa darasani?

Hadi muhula unaisha nilikuwa nimevunja karibu kila kilichoandikwa humo. Kama ndio unaanza kozi ya aina hii, nakuandikia wewe.

Tuanze na usomaji. Shahada ya kwanza unaweza kuingia mikono mitupu, mwalimu akakulisha. Hapa mnakaa duara, watu kumi na wawili, mhadhiri anauliza swali kisha ananyamaza. Ule ukimya ndio mtihani. Alama za ushiriki si za kusema sana (niliropoka wiki mbili nzima kabla ya kung'amua hilo), ni za kuonyesha kwamba umesoma. Na makala ya kitaaluma haisomwi kama riwaya, kutoka juu hadi chini. Soma ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, kisha ruka uende kwenye mbinu: waliopimwa ni akina nani, wangapi, walipimwa kwa kitu gani? Tazama majedwali. Mwisho kabisa ndipo uwasikilize waandishi wakijieleza kwenye mjadala. Ukianzia huko watakuteka, na utakuja darasani na maoni yao ukidhani ni yako.

Kwenye silabasi kulikuwa na sentensi fupi: "Dai lisizidi ushahidi." Nikaiona kama pambo. Kazi yangu ya kwanza ilihusu jaribio la utii la Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Marekani, lile alilolichapisha mwaka 1963. Mshiriki aliamriwa kumpiga mwenzake shoti ya umeme kila anapokosea jibu, bila kujua kwamba shoti zenyewe hazikuwa za kweli, na watu 26 kati ya 40 wakaenda hadi volti 450. Nikahitimisha kwa madaha: utafiti umethibitisha kwamba binadamu hutii mamlaka. Kazi iliporudi, neno "umethibitisha" lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu mara saba, na pembeni pameandikwa: "Wanaume 40 wa New Haven na maeneo ya jirani. Binadamu ni wangapi?"

Nilinuna siku mbili. Baadaye tukafika kwenye ule mradi uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Science, ambao watafiti walirudia tafiti 100 za saikolojia. Tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa zimetoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani ambayo ni vigumu kuyaita bahati tu. Ziliporudiwa, ikabaki takriban asilimia 36. Hapo ndipo kinyongo kilipoisha. Siku hizi naandika "katika sampuli hii", yaani kundi hili lililopimwa, naandika "matokeo yanaashiria", na sioni haya. Asiyejua ataona ni woga.

Mengine ni ya kupita haraka. Mtindo wa marejeo usibishane nao: kama wametaka APA toleo la 7, mtindo wa chama cha wanasaikolojia cha Marekani, weka nukta pale inapotakiwa, songa mbele. Wizi wa kitaaluma mara nyingi si kunakili ukurasa mzima, ni kubadilisha maneno matatu kwenye sentensi ya mtu huku mifupa ikibaki ileile. Dawa yake ni kufunga makala, kumsimulia mtu ulichoelewa, kisha kuandika ulichomsimulia. Programu za akili bandia kila mhadhiri ana msimamo wake. Muulize mapema, kwa maandishi. Na ukiona utachelewa kuwasilisha, tuma barua pepe kabla ya muda kwisha: umefika wapi, umekwama wapi, unaomba siku ngapi. Bibi yako muache aishi. Mabibi wa wanafunzi hufa sana wiki ya mwisho wa muhula, na wahadhiri wanalijua hilo.

Sasa lile linalotuponza wengi. Ukishaanza kusoma DSM, ule mwongozo wa magonjwa ya akili unaotolewa Marekani, kila mtu anakuwa na jambo. Shemeji ana hili, jirani ana lile, wewe mwenyewe usiku una yote. Silabasi yetu ilikataza kabisa kumwekea mwenzako utambuzi wa ugonjwa. Siku moja nikabishana na mwanafunzi mmoja kuhusu takwimu, nikamwambia anajihami kisaikolojia. Chumba kikapoa. Hoja yake ilikuwa nzuri; nilishindwa kuijibu, nikaona rahisi kumgeuza mgonjwa.

Ujue pia kwamba hulazimiki kuanika maisha yako ili upate alama. Kanuni za maadili za chama cha wanasaikolojia cha Marekani, kifungu cha 7.04, zinazuia programu ya masomo kumtaka mwanafunzi aeleze mambo kama historia ya kudhulumiwa au matibabu yake ya kisaikolojia, isipokuwa kwa masharti machache, mojawapo likiwa kwamba alielezwa hivyo wazi tangu anaomba nafasi. Soma yale ya programu yako.

Lakini wapo wanaosema kwa hiari. Wiki ya nne, somo likiwa la majonzi, dada mmoja darasani alisimulia kifo cha mdogo wake. Jioni nikampigia rafiki yangu simu, nikamsimulia. Sikutaja jina. Nilisema tu ni muuguzi, mwenye mapacha, na alifiwa mwaka juzi. Rafiki yangu akanyamaza kidogo, kisha akanitajia jina yeye. Kumbe wanasali pamoja. Jumapili akampa pole.

Mhadhiri aliniita ofisini. Hakufoka. Aliuliza, "Ukurasa wa 3 unasemaje?" Sikujua. Akautoa wake, akanisomea: yanayosemwa humu hayatoki, na kuondoa jina si kuficha mtu. Akaniambia ndivyo nitakavyotakiwa kuandika habari za wateja siku nikianza mazoezi ya kazi: kazi ya mtu, umri, idadi ya watoto, tarehe, vyote vinabadilishwa au vinaachwa, kwa sababu vikikaa pamoja vinamtaja.

Nilimwomba radhi yule dada. Akasema yameisha. Aliendelea kuja kila wiki, akichangia vizuri kuhusu mbinu, sampuli na makala za watu. Habari zake mwenyewe hakuzigusa tena hadi muhula ukaisha.