Karakana ndani ya maktaba ya chuo: jibu kwa aliyeuliza aanze na mashine gani

Assalaam aleikum.

Ndugu yetu mkutubi wa chuo kule Unguja ameeleza kwamba amepewa chumba kimoja na fungu la fedha la kufungulia karakana ya wanafunzi ndani ya maktaba, naye anauliza mambo mawili: anunue mashine gani kwanza, na maktaba itabakije maktaba ikiwa ndani yake watu wanagonga na kulehemu. Mimi ni mkutubi wa chuo hapa Chake Chake, nimeisimamia karakana ya namna hiyo tangu siku ya kwanza, na nitajibu kwa yaliyotufika sisi wenyewe.

Tulianza na printa ya 3D, yaani mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuujenga tabaka kwa tabaka mpaka uwe kitu kamili, na lilikuwa kosa. Orodha ya vifaa tuliyoletewa na wafadhili ilifuata mfano wa maktaba za Marekani, na mfano wenyewe si mbaya. Maktaba ya DeLaMare ya Chuo Kikuu cha Nevada, Reno, ilipoweka printa za 3D mwaka 2012 na kumruhusu kila mwanafunzi kuzitumia, ilikuwa maktaba ya sayansi na uhandisi, yenye watu waliozoea kuchora maumbo kwenye kompyuta na waliohitaji mahali pa kuyatoa. Wanafunzi wetu wengi wanasomea ualimu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuchora umbo la namna hiyo. Walikuja, wakaitazama ikichapa kisanamu ambacho mchoro wake ulitoka kiwandani pamoja na mashine, wakarudi kwenye vitabu vyao.

Kisha masika ikaingia. Uzi wa plastiki tuliopewa ulikuwa wa PLA, ambao hunyonya unyevu wa hewa, nasi tuliuacha wazi juu ya mashine kwa sababu hakuna aliyetuambia tuufunike. Ukawa unakatika kama njiti ya kiberiti ukiukunja kidogo tu, na ulipopita kwenye pua ya printa, penye joto la nyuzi 200 hivi, ulitoa milio ya kupasukapasuka mithili ya mafuta ya kukaangia yaliyoingiwa na maji. Umbo lilitoka na manyoya, mwishowe pua ikaziba, na mashine ikakaa miezi minne ikisubiri kipuri kutoka ng'ambo ya bahari. Siku hizi kila roli inakaa ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uzi uliokwisha kulowa tunaukausha kwa joto la nyuzi 45 hadi 50 kwa saa kadhaa kabla ya kuutumia. Aidha, hatuchapi kitu kinachozidi saa mbili, maana umeme ukikatika katikati ya kazi, mara nyingi umbo lote huwa limeharibika.

Karakana yetu ilifunguka kweli siku mwanafunzi mmoja wa kike alipoteremka kutoka dakhalia na feni ya mezani mikononi. Ilikuwa inaunguruma bila kuzunguka, isipokuwa ukiisukuma panga zake kwa kalamu, hapo ilianza kwenda polepole. Msaidizi wangu, ambaye kabla ya kuajiriwa maktaba alikuwa fundi wa redio, aliichomoa kwenye umeme, akaifungua kwa bisibisi mbele yake na kumwonyesha kapasita, kile kidude kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, imevimba pembeni yake, kisha akamwacha yeye mwenyewe alehemu mpya. Mkono wa yule binti ulitetemeka mara ya kwanza na risasi ikamwagika juu ya meza, lakini mara ya pili waya ulishika. Feni ilipozunguka walikuwa wamekwisha kusimama wanafunzi saba mlangoni, na kesho yake zililetwa feni nyengine mbili na pasi moja. Wiki hiyo vitabu vyetu vya umeme katika namba 621.3 ya mpangilio wa Dewey tunaopangia rafu, ambavyo sikumbuki mara ya mwisho vilipoazimwa, vilitoka rafuni.

Kwa hiyo, ndugu yangu, fedha za mwanzo zitie kwenye bisibisi za kila aina, koleo, vyuma viwili vya kulehemu, mita ya kupimia umeme, cherehani moja imara, na bodi chache za Arduino, yaani vibao vidogo vya elektroniki vinavyoandikiwa programu, kwa wale watakaotaka kwenda mbele. Cherehani usiidharau. Wanafunzi wetu kadhaa wanajilipia sehemu ya gharama za masomo kwa kushona kofia za viua. Hao wanajua kuhesabu matundu na kufuata ruwaza kuliko yeyote kati yetu, na ndio waliokuwa wepesi zaidi kushika mambo ya programu walipofundishwa. Fungu kubwa kuliko yote liweke kwa mtu wa kukaa humo kwa saa zinazojulikana. Karakana yenye kufuli na tangazo la "mwone mhusika" haiji mtu, hata ikijazwa mashine za thamani.

Kuhusu usalama nitasema machache. Mashine ya kukata kwa leza usiiweke kama huna bomba la kutolea moshi nje, na plastiki ya PVC isikaribishwe kwake kabisa, kwa kuwa ikiungua hutoa gesi ya sumu. Kizima moto kiwe cha unga au cha hewa ya kaboni, kamwe kisiwe cha maji. Kwenye drili, mikono mipana ya buibui na ncha za mtandio zifungwe kwanza. Tulishona mikono ya kuvaa juu, yenye mpira kwenye kifundo, ili asiwepo binti atakayelazimika kuchagua kati ya stara yake na kazi. Kukata mbao tumekuhamishia uani, kwani vumbi lake ni adui wa vitabu.

Sasa swali lako la pili, ambalo kwangu ndilo zito. Karakana zipo nyingi mitaani, na fundi wa Chake anajua kutengeneza feni kuliko sisi. Kinachotufanya maktaba ni kwamba tunaazima na tunaweka kumbukumbu. Kila kifaa chetu kina namba na kadi kama kitabu, vifaa vya mkono huazimwa kwa siku mbili, na kwenye daftari kuna safu ya kueleza kimetumika kwa kazi gani. Zaidi ya hayo, kila anayemaliza kazi, au anayeshindwa, huacha karatasi mbili za maelezo, nasi tunazipa namba na kuziweka rafuni.

Mwanafunzi mmoja kutoka Konde alitengeneza king'ora cha mvua kwa ajili ya karafuu za baba yake, zinazoanikwa kwenye majamvi siku kadhaa na zinazoharibika zikinyeshewa. Kifaa chenyewe ni kibao chenye mistari ya shaba isiyogusana. Tone likiangukia katikati, umeme unapita na king'ora kinalia. Kilifanya kazi siku tisa, kisha kikawa kinalia jua likiwaka. Alipokirudisha tuliona mistari imeshika kutu ya kijani na myengine imelika kabisa, kwa sababu umeme ulikuwa ukipita mfululizo kila ilipokuwa na umande. Ilimchukua wiki mbili kugundua kwamba dawa yake ni kuupeleka umeme kwenye kibao kwa sekunde moja tu wakati wa kupima, mara moja kwa dakika, kisha kuukata. Aliyaandika yote, pamoja na mchoro wa kile kilichoharibika.

Mwaka uliofuata alikuja kijana anayetaka king'ora kama hicho kwa waanika dagaa. Nilimpa zile karatasi mbili na bisibisi namba 14, akakaa dirishani kusoma. Alipoanza kulehemu, alianzia pale mwenzake alipoishia.

Ukipata nafasi ya kuvuka, karibu Pemba uje uzione. Karatasi zimefika boksi la tatu.