Maswali Yenu: Mbona Spinosauri kila kitabu na sura yake?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu wa darasa la tano ana vitabu viwili vya wanyama wa kale. Kimoja kinamchora dinosaria aitwaye Spinosauri akitembea nchi kavu, mkia mwembamba. Kingine anaogelea, mkia mpana. Anauliza kipi ni kweli, na je, angemshinda dinosaria mwingine, Tiranosauri? Mama wa Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Hao wawili hawakukutana kabisa. Spinosauri aliishi kaskazini mwa Afrika miaka milioni 95 hivi iliyopita. Tiranosauri alikuja baadaye sana, miaka milioni 67 hivi iliyopita, tena Amerika ya Kaskazini.

Habari ya vitabu ndiyo inayoniuma. Mifupa ya kwanza ilichimbwa mwaka 1912 huko Bahariya, jangwani Misri, na mwaka 1915 Mjerumani Ernst Stromer akampa mnyama jina kwa sababu ya miiba ya mgongoni, mrefu kuliko yote ukizidi mita 1.6. Mifupa ikawekwa makumbusho ya Munich, Ujerumani. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipopamba moto Stromer aliomba ihamishwe, akakataliwa. Aprili 1944 ndege za Uingereza zikapiga mabomu, jengo likateketea na mifupa yote. Lile jitu letu la Tendaguru, Lindi, yaani mifupa ya dinosaria iliyoko makumbusho ya Berlin, lilifunguliwa vipande likashushwa chini ya jengo, likapona. Hii ya Munich ingeweza kupona vilevile!

Ikabaki michoro ya Stromer na picha chache. Palipokosekana mifupa, wachoraji wakajazia kwa kuwaangalia dinosaria wengine. Kitabu cha kwanza kimetoka huko.

Baadaye kundi la mtafiti Nizar Ibrahim likapata mifupa mingine Kem Kem, Moroko, na mwaka 2020 likautangaza mkia: pingili zake zina mifupa mirefu juu na chini. Kwa mkia, basi, kitabu cha pili kiko sahihi. Kuogelea bado kunabishaniwa. Wapo wanaosema alipiga mbizi, wapo wanaosema alisimama kwenye maji mafupi akivizia kama korongo, na mimi naegemea hawa wa pili.

Kwamba alikula samaki, meno yanatosha. Mwoneshe binti picha zake kwa karibu: jino la Tiranosauri lina kingo za msumeno za kukatia nyama, la Spinosauri ni mviringo, limenyooka, halina msumeno, linafaa kumchoma na kumshikilia samaki anayeteleza. Na mito ile ilikuwa na samaki waliozidi urefu wa mtu.