Mkuu, usishushe hicho kioo

Toa mkono kwenye swichi kwanza, halafu usome. Umeandika kwamba tinti ya vioo vya gari lako imewekwa jana, ina malengelenge, na fundi kakwambia vioo unaweza kushusha hata leo jioni. Hiyo ya jioni ndiyo iliyonifanya niandike, maana na mimi niliambiwa hivyohivyo: "Ukigusa ukaona pakavu, shusha tu."

Unapogusa ni juu ya karatasi, na juu hapana shida. Karatasi ya tinti hubandikwa kwa maji ya sabuni ili fundi aweze kuisogeza mpaka ikae sawa. Akishaikamua, maji mengine hubaki kati yake na kioo, na hayo hutoka polepole sana. Mpaka yatoke, gundi haijashika.

Sasa tazama pale kioo kinapozama mlangoni. Kuna mpira unaokibana kwa ndani. Ukishusha, kioo kinakwenda chini, mpira unaing'ang'ania karatasi. Changu nilikishusha kidogo tu, nikakipandisha, na pembe ya chini ikawa imejikunja, gundi iko nje na vumbi limeshaishika. Nikaibonyeza kwa kidole. Ikalala, ikainuka tena. Gundi ikishashika vumbi haina kazi, na mkunjo kwenye karatasi haunyooki. Kioo kizima kilibanduliwa, gundi ikasuguliwa, karatasi mpya ikalipiwa, kwa hela yangu! Na fundi aliyeniruhusu kwa mdomo wake ndiye aliyeniuliza kwa nini nilishusha mapema. Hilo sijalisamehe. Fundi anayekukabidhi gari bila kukutajia siku za kusubiri hajamaliza kazi, hata kama mkono wake ni mzuri namna gani.

Kwa hiyo vioo vya milango visiguswe siku 3 hadi 5, na kama kuna baridi au mawingu, ngoja wiki nzima. Gari likae juani, jua linasaidia kukausha. Bandika utepe juu ya swichi zote, za abiria pia, kwa sababu wewe utakumbuka ila mtoto aliyekaa nyuma hatakumbuka. Na kama milango yako haina fremu, kile kioo kinachoshuka chenyewe kidogo kila ukifungua mlango, mpigie fundi leo umuulize la kufanya.

Malengelenge yaache. Ni maji hayo, yanaweza kukaa hata mwezi, na ukiyatoboa kwa sindano umejitengenezea tundu la kudumu. Ila pitisha kidole taratibu: ukikuta kivimbe chenye punje ngumu katikati, hiyo ni takataka iliyonaswa ndani, haitatoka yenyewe. Kipige picha sasa hivi, umtumie fundi kabla hajaanza kusema umeiharibu wewe.