Barua kwa mwanangu: kuhusu kitabu, kamera na bangili za Nyanya

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa Walukuba, Jinja. Sisi wazima. Mguu wa mama yako umepungua kuvimba, na shangazi yako wa Bugembe anauliza kila siku lini ataletewa mjukuu amwone. Ujumbe wako niliusoma usiku uleule ulioutuma, nikaona haya si mambo ya kujibiwa kwa simu. Ndiyo maana naandika.

Umeniuliza kama yaliyomo katika riwaya uliyonitumia yanaweza kukupata wewe hapo Naalya, Kampala, sasa ambapo siku zako 60 za likizo ya uzazi zinakwisha na yule binti wa Bugiri anakuja kukaa na mtoto. Na umeniuliza kama uweke kamera sebuleni bila kumwambia.

Kitabu nimekimaliza. Huyu Leïla Slimani ana moyo wa chuma. Mwandishi mwingine angetuficha kifo mpaka mwisho ili tuendelee kufungua kurasa. Yeye katika Lullaby anakitoa mwanzoni kabisa: mtoto mchanga ameshakufa, dada yake yuko mahututi, na aliyefanya hivyo ni Louise, yaya ambaye wazazi walimsifia kwa kila mgeni aliyeingia mlangoni. Tangu hapo msomaji haulizi nani. Anauliza lini. Nilikisoma kama nilivyokuwa nikikagua leja za stoo kiwandani: jumla ya mwisho imeshajulikana kuwa mbovu, kwa hiyo unarudi nyuma mstari kwa mstari ukitafuta siku ambayo hesabu ilianza kupinda.

Mimi nadhani siku hiyo niliiona. Ni siku ya kuku. Myriam, mama wa watoto, mwanasheria, ametupa kuku kwenye taka. Jioni anarudi kazini anakuta mifupa ya kuku yuleyule juu ya meza, imesafishwa ikang'aa, haina hata uzi wa nyama. Louise amemtoa kwenye taka akawalisha watoto. Myriam anaogopa, na naelewa kwa nini anaogopa. Lakini hapa kwetu, kwa sisi tuliopanga foleni ya sukari miaka ya magendo, nani hamwelewi Louise? Kutupa kuku! Siku ile walitakiwa wakae kwenye meza ileile, wasemezane mpaka usiku. Hawakukaa. Kila mmoja alibaki na lake rohoni, na kitabu kizima kinatoka hapo.

Ila aliyenikosesha usingizi si Myriam wala Louise. Ni Stéphanie. Sijui kama ulimtilia maanani, maana amepewa kurasa chache: binti wa Louise mwenyewe, aliyekua akijifunza kutoonekana na kutosikika katika nyumba za watu ambao mama yake alilea watoto wao. Nafikiri kila msomaji mwenye kazi na mtoto mdogo anajiweka mahali pa Myriam, kama ulivyojiweka wewe. Mimi ni mtoto wa yaya. Mahali pangu palikuwa kwingine.

Nyanya yako, Mungu amrehemu, alifanya kazi kwa ile familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa Main Street. Hilo unalijua. Sijawahi kukuambia kwamba siku moja, shangazi yako akiwa na surua na macho yamefunga, jirani alinituma nikamwite. Nilitoka Walukuba kwa miguu peke yangu mpaka mlango wao wa nyuma. Nikamkuta amenipa mgongo, mtoto wao amembeba kwa kanga, anamwimbia. Ulikuwa wimbo wetu, ule aliotulaza nao mimi na shangazi yako, wenye mahali pa kutia jina la mtoto. Pale alipotia jina langu, alikuwa ametia jina la mtoto yule. Nilisimama nikasubiri mpaka akamaliza. Ruhusa akapewa, ndiyo, lakini kwanza mtoto alale, kisha chupa za maziwa zioshwe, kisha mwenye nyumba arudi kutoka dukani. Tulifika nyumbani jua limeshatua.

Mama yule mwenye nyumba hakuwa katili. Naliandika hili kwa sababu Nyanya yako angenikasirikia nisipoliandika. Alikuwa mtu wa kufunga tu. Funguo za stoo zilikaa kiunoni mwake. Sukari aliipima kwa kikombe, akaisawazisha ndani ya kopo, akaibonyeza katikati kwa kidole gumba, ili alama ikivurugika ajue kuna mkono umeingia. Kila asubuhi alibonyeza sukari, halafu akageuka akamkabidhi Nyanya yako mtoto wake wa pekee mpaka jioni. Sukari ilikuwa na alama, mtoto hakuwa na alama yoyote. Umri huu niliofika bado silielewi jambo hili.

Unalijua neno langu, nimewaambia tangu mkiwa wadogo: kuhesabiana si tusi, tusi ni kuhesabiwa peke yako. Stoo nzima iliendeshwa hivyo. Mzigo ukishuka garini mimi nahesabu na dereva anahesabu, natia sahihi na yeye anatia sahihi. Hakuna aliyewahi kununa. Nyumbani kwa watu, mmoja ndiye mwenye kalamu.

Sasa bangili. Najua mnaijua hadithi hii, Nyanya aliisimulia kila Idi mkacheka mpaka mkalala chini. Agosti 1972 Amin akawapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka Uganda. Jinja nzima ikawa mnada. Barabara ya kwenda Entebbe ilijaa vizuizi, wanajeshi wakiwapekua Wahindi na kuwavua dhahabu mikononi. Mama mwenye duka akamwomba Nyanya yako awasindikize mpaka uwanja wa ndege, mtoto mgongoni kama siku zote, na bangili zote za arusi zikafungwa kwenye kitambaa katikati ya tumbo la mtoto na mgongo wake. Mnapokumbuka ninyi ni pale askari aliponyoosha mkono kupapasa kanga, mtoto akakojoa, askari akaruka nyuma akilaani, akawapungia wapite.

Kilichofuata Nyanya hakukisema mbele yenu. Aliniambia mimi, nikiwa na umri kama wako sasa, jikoni, akichambua mchele. Walipofika Entebbe waliingia choo cha wanawake, akafungua kitambaa, akamkabidhi mwenyewe vitu vyake. Na yule mama akazihesabu. Moja moja, midomo ikicheza, kisha akarudia tena kutoka mwanzo. Zilikuwa zimetimia. Ndipo akamshika Nyanya yako mikono yote miwili, akalia, akamchukua mtoto akaenda kupanga foleni.

Nilighadhibika, mwanangu. Bado naghadhibika ninapoandika. Askari wale wangemkuta na dhahabu ile wasingemuuliza swali la pili, na shangazi yako na mimi tungekuwa yatima tukiwa Walukuba tunasubiri mama arudi. Mtu amekubebea arusi yako mgongoni kupita bunduki, nawe unahesabu? Nyanya yako hata hakuinua macho kwenye ungo. Akaniuliza, "Wewe mtu wa stoo, mzigo ukishuka huhesabu?" Nikamwambia nahesabu, lakini dereva naye anatia sahihi. Akasema, "Basi ndiyo ilikuwa sahihi yangu ile. Alihesabu mimi nikiwa nimesimama."

Siku nyingine naona alisema kweli. Yule mama asingehesabu pale, angefika Leicester akafungua kitambaa akaona moja haipo, imemdondoka mwenyewe njiani, na huko ng'ambo mama yangu angeitwa mwizi mpaka kufa bila kujua. Kuhesabu mbele yake kulimsafisha. Halafu nakumbuka ile alama ya kidole gumba kwenye sukari, na hasira inarudi palepale. Sijafika mwisho wa jambo hili, na Nyanya hayupo wa kunimalizia.

Kile kitabu cha pili, Little Fires Everywhere cha Celeste Ng, nimefika katikati tu, lakini nimeshaona ni yaleyale: mwenye nyumba wa Ohio, Marekani, anatumia ujuzi wake wa uandishi wa habari kuchimba maisha ya mpangaji wake, mwanamke ambaye pia humpikia na kumfanyia usafi. Anachimba kana kwamba ni haki yake. Kalamu iko kwa mmoja. Nitakuambia nikimaliza.

Turudi kwako. Umenikumbusha ile video ya Kampala ya mwaka 2014, yaya akimpiga mtoto mdogo na kumkanyaga, na akafungwa miaka 4. Unasema bila kamera asingejulikana. Ni kweli, na siwezi kumlaumu mzazi yule hata kidogo, ningefanya kama yeye. Lakini kumbuka alianzaje. Aliona alama kwenye mwili wa mtoto wake. Jicho lake lilitangulia, kamera ikafuata. Wewe unataka kuanza na kamera kabla binti hajavua viatu.

Na kuna mstari mmoja kwenye ujumbe wako ambao uliupitia haraka. Umeandika: "Naye ana mtoto wa miaka mitatu, lakini amemwacha kwa mama yake." Mistari mingine yote nimeisoma mara moja. Huo nimeurudia sana. Umeniuliza kama utaweza kumwamini na mtoto wako. Yeye ameshamwacha wa kwake kijijini ili ashike wa kwako. Jina la mtoto huyo unalijua? Umemuuliza anatumiaje pesa nyumbani, tarehe ngapi, na mtoto akiugua usiku nani atampigia nani? Umeniambia utamlipa kiasi gani, na ni kizuri, nakusifu kwa hilo. Hukuniambia tarehe. Hukuniambia atalala wapi wala ataenda kwao lini.

Usidhani sheria itamsemea. Kiwango cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi, hata chapati za wiki moja hazitoshi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada mpya, Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo kinachosimama kati ya binti huyo na dhuluma ni neno lako wewe na mkwe wangu, basi. Ninyi mtakuwa na kamera. Yeye atakuwa na nini cha kuwahesabia ninyi?

Ndiyo maana nasema kuhesabiana si tusi. Chukueni daftari la kawaida, muandike mshahara na tarehe, siku za mapumziko, mambo ya mtoto anayotakiwa kuyafanya na yasiyo yake, atie sahihi nawe utie. Siku ukichelewesha mshahara, iandikwe. Siku akichelewa kurudi kutoka kwao, iandikwe. Kabla hajaja, nenda Bugiri. Si mbali, kutoka hapa ni safari ya asubuhi, mimi nitakusindikiza. Umwone mama yake, umwone huyo mtoto, wapate namba yako nawe upate yao.

Kuhusu kamera, nilikuwa nimekuandikia jibu kamili, nikalichana. Wewe ndiye utakayekaa ofisini maziwa yakikuuma kifuani ukiwaza kama mtoto analia, si mimi. Nimelelewa upande mmoja wa mlango ule, wewe sasa uko upande wa pili, na nyumba ni yako. Kwa hiyo sisemi weka, wala sisemi usiweke, ingawa ulimi unanitekenya. Kuhusu kuificha tu nitasema: Nyanya yako aliiona ile alama kwenye sukari siku ya kwanza aliyoingia kazini. Alijifanya haioni miaka yote.

Mama yako amesoma barua hii na hakubaliani nami. Anasema namfikiria mtoto wa yaya namsahau mjukuu wangu mwenyewe, na kwamba yeye angeweka kamera hata chooni. Mpigie, ana sababu zake na zina uzito. Ila mpigie baada ya saa nane, asubuhi anakwenda kliniki kwa ajili ya mguu. Na uniambie ni Jumamosi gani tunakwenda Bugiri, ili niongee na mwenye gari mapema.

Baba yako