Kompyuta ya Kutengenezea Muziki Nyumbani

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni kijana wa Masasi, mkoani Mtwara, na hadi sasa hutengeneza biti za singeli kwa simu. Baada ya mauzo ya korosho, baba amekubali kuniongezea fedha ninunue kompyuta ya nyumbani. Muuzaji mmoja ananishauri nichukue kompyuta ya mezani ya michezo yenye kadi kubwa ya picha, kwa hoja kwamba inayomudu michezo mizito haiwezi kushindwa na muziki. Rafiki yangu anasema nitafute kompyuta mpakato iliyotumika. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, muuzaji hakukudanganya, ila anakuuzia nguvu ambayo hutaitumia. Kadi ya picha kazi yake ni kuchora kile kinachoonekana kwenye skrini, ilhali programu za muziki, karibu zote, hufanya hesabu zake kwenye prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bei ya mashine ile ingekaa bure. Taa za rangi za kibodi nazo haziongezi besi.

Sauti ya dijitali yenye ubora wa CD ina sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 44,100 kwa kila sekunde, na kompyuta huzitayarisha kwa mafungu (kwa Kiingereza, buffer). Fungu la sampuli 256 lina urefu wa karibu milisekunde 6, na ndani ya muda huo prosesa lazima iwe imemaliza hesabu za ngoma, besi, sauti ya mwimbaji na mwangwi wote ulioongeza, la sivyo utasikia mikwaruzo na kukatikakatika. Ukipanua fungu hadi sampuli 1,024, prosesa hupata nafasi ya kupumua, lakini sauti huchelewa kwa milisekunde 23 au zaidi, jambo ambalo mtu apigaye kwa vidole singeli ya zaidi ya mapigo 200 kwa dakika atalihisi mara moja. Tena, madoido (kama huo mwangwi) yaliyopangwa mfululizo kwenye chombo kimoja hukokotolewa moja baada ya jingine, hivyo usihadaike na wingi wa viini vya prosesa, yaani sehemu zake zinazogawana hesabu. Kasi ya kila kiini ndiyo yenye uzito zaidi.

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ya GB 8 inatosha kuanzia, na GB 16 itakupa utulivu, hasa ukitumia vinanda na ngoma zilizorekodiwa, ambazo hupakiwa kwenye kumbukumbu hiyo. Diski iwe SSD, ile ya haraka isiyo na sehemu inayozunguka.

Kati ya aina hizo mbili, mimi nipo upande wa rafiki yako. Ni kweli kwamba kompyuta ya mezani hutoa nguvu zaidi kwa bei ileile na ni rahisi kutengeneza, lakini umeme ukikatika ghafla hupoteza kazi ambayo haijahifadhiwa, isipokuwa uongeze gharama ya UPS, kifaa chenye betri ya akiba; kompyuta mpakato ina betri yake. Hata hivyo, kompyuta iliyotumika isiwe kuukuu mno: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida hutaka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au cha baadaye. Uliza pia kama RAM yake inaweza kuongezwa, kwa sababu katika kompyuta mpakato nyingi nyembamba, zikiwamo za Apple zenye chipu ya M1, haiongezeki.

Kabla ya yote hayo, chagua programu ya kutengenezea muziki. Logic Pro hufanya kazi kwenye vifaa vya Apple tu, wakati FL Studio, inayotengenezwa Ubelgiji, ipo kwa Windows na kwa Mac, na anayeinunua hupata matoleo mapya bila kulipa tena. LMMS ni ya bure kabisa. Ukikosa la kuamulia, chukua ile inayotumiwa na maprodyuza wa karibu nawe, ili ukikwama uwe na wa kumuuliza. Weka akiba ya hedifoni nzuri.

Siku ya kununua, nenda na toleo la majaribio la FL Studio kwenye flashi, mwombe muuzaji aliweke, kisha fungua mojawapo ya nyimbo za mfano zilizomo, weka fungu la sampuli 256, uuache upige kwa nusu saa. Sauti ikianza kukwaruza mashine ikishapata moto, tafuta nyingine.